Vumbi Jekundu la Nyumba ya Kiangazi

Vijana, mkiniuliza katika miaka yangu yote ya useremala wa nyumba kuukuu hapa Brussels niliogopa nini zaidi, msidhani nitataja urefu. Nimekaa juu ya mapaa ambayo ukitazama chini unaona tramu ndogo kama kiberiti, nikala mkate wangu huko huko huku nikipiga mluzi. Umeme umenitupa mara nyingi hata ukanizoea. Mimi niliogopa uyoga. Haya, chekeni, kila mtu hucheka. Sisemi uyoga wa kukaanga na kitunguu. Nasema ule unaokula mbao, ambao Wabelgiji wanauita mérule, na wakiutaja hupunguza sauti kama mtu anayetaja ugonjwa mbele ya mgonjwa.

Nawaandikia ninyi mnaosoma ujenzi jioni baada ya kazi, mnaofika darasani na saruji bado iko kwenye kucha. Mimi pia nilisoma hivyo. Cheti changu nilikipata nikiwa na mvi tayari, na sioni haya kusema kwamba mwalimu akigeukia ubao mimi nilikuwa nikikoroma vizuri kuliko tingatinga. Lakini maneno machache yalinikaa kichwani, na yaliyobaki nilifundishwa na mzee Jef.

Jef alikuwa seremala mzaliwa wa hapa, mtu mwenye mikono kama makoleo, anayechanganya Kifaransa na Kiflamandi ndani ya sentensi moja kama sisi tunavyochanganya yetu. Alinipokea nilipotoka Bukavu, kule Kongo, nikijua kutengeneza vitanda na milango tu. Siku ya kwanza, mbele ya nyumba yenye rangi mpya inayong'aa, aliniambia nifumbe macho.

"Ingia kwa pua," akasema.

"Kwa pua, Monsieur Jef?"

"Macho yanaona rangi. Pua haipakwi rangi."

Ndivyo alivyonifundisha. Nyumba yenye unyevu wa kawaida inanuka nguo ambazo hazikukauka. Nyumba yenye mérule inanuka kikapu cha uyoga kilichosahauliwa kabatini. Ukishaipata harufu hiyo, unatoa bisibisi na kubonyeza mbao pale zinapokutana na ukuta. Mbao nzima inakukatalia. Mbao iliyoliwa inakukaribisha. Mwezi wa kwanza nilinusa kuta nyingi mno, mpaka mke wangu akaniuliza kama ameolewa na mbwa wa polisi.

Basi, kuna nyumba moja.

Iko pembezoni mwa msitu wa Soignes, upande ule ambao tramu inachoka na kugeuka. Aliijenga tajiri mmoja wa sukari, zamani za Malkia Viktoria wa Waingereza. Tajiri huyo, alivyosema Jef, aliwapenda Waingereza kuliko wao wenyewe walivyojipenda. Akataka minara, akataka madirisha marefu kama milango ya kanisa, akataka baraza za mbao zilizotobolewa kama lesi. Enzi hizo mto uliopita katikati ya mji ulinuka wakati wa joto, na waliokuwa na uwezo walikimbilia miti. Walifika majani yakichanua, wakaondoka majani yakianguka. Miezi mingine yote nyumba ilibaki peke yake, viti vimefunikwa mashuka, milango imefungwa, upepo ukipita chini ya sakafu.

Shikeni hapo kwenye upepo. Nyumba ya kiangazi haikujengwa kushindana na baridi, ilijengwa ipumue. Kuzunguka msingi wake wote kulikuwa na matundu yaliyofunikwa kwa nyavu za chuma zenye maua. Hewa iliingia upande wa msitu, ikapita chini ya mbao, ikatokea upande wa barabara. Na chini ya sebule kubwa, ile ya kuchezea dansi, tajiri alichimbisha shimo la kuhifadhia barafu, limejengwa kwa matofali kama kisima. Wakati wa baridi watumishi walikuja wakakata barafu ya bwawa wakaitupa mle. Wakati wa joto mabibi walicheza dansi juu yake miguu ikiwa baridi. Jef alisema shimo lina mita saba. Mimi, bon, nikiwasimulia watu wa Matonge, mtaa wa Wakongo hapa mjini, nilisema kumi na tano. Kwa simu, kwa watu wa Bukavu, lilifika thelathini.

Vizazi vikapita. Wajukuu wa tajiri hawakuwa na sukari tena, wala nyumba nyingine, ikabidi waishi mle mwaka mzima. Baridi iliwapata kupitia yale matundu, wakayaziba: kwanza kwa matambara, halafu kwa saruji. Wakawasha moto juu, unyevu wa shimo ukakosa pa kutokea, na uyoga ukaona umeandaliwa karamu. Jef na mimi tuliitwa baadaye sana. Tulikata boriti zilizooza upande mmoja, tukaweka mpya, tukapasua saruji na kufungua matundu yote. Siku tuliyomaliza, Jef alipiga goti nje akaweka kiganja mbele ya wavu wa chuma. Akakaa hivyo kama anayempima mtoto homa.

"Inapumua," akasema. "Wasiizibe tena, itakufa."

Jef alitutoka, Mungu amweke pema. Nyumba ikauzwa, ikauzwa tena, ikawa ukumbi wa kukodisha kwa sherehe. Mimi nikastaafu. Sikuifikiria tena mpaka rafiki yangu Papa Musafiri alipomwoza binti yake wa kwanza, Nadine.

Musafiri ni mtu wa Bukavu kama mimi, amefanya kazi miaka mingi ya kutunza wazee, mpole hadi aguswe mahali pabaya. Kumbi za Matonge, karibu na barabara ya Chaussée de Wavre, alizikataa zote. "Nataka batu baone mutoto yangu alitoka mu château," alisema, yaani kasri. Aliponitajia mahali, nikacheka kwa furaha, nikasema nyumba hiyo naijua kama mfuko wa koti langu.

Nilifika mapema mchana, gari limejaa viti. Na kabla sijashusha hata kiti kimoja, nilisimama nikitazama ukuta. Kuzunguka nyumba yote walikuwa wamejenga baraza mpya ya mbao, nzuri, pana, imeshikana na ukuta kama mkanda. Nikatafuta maua ya chuma. Nikazunguka upande wa msitu, nikazunguka upande wa barabara. Hakuna hata ua moja. Baraza ilikuwa imekaa juu ya matundu yote.

Nikajiambia, Bahati, umestaafu, shusha viti.

Ndani, mamans, kina mama wetu, walikuwa wakipamba meza. Mmoja wao aliponiona akanivuta mkono.

"Papa Bahati, kuya uone! Meza hii tulipangusa asubuhi. Angalia sasa, vumbi imerudia. Nyekundu!"

Kweli. Juu ya kitambaa cheupe kulikuwa na vumbi laini, jekundu kama la barabara za kwetu.

"Ni vumbi ya Bukavu," mwenzake akasema. "Imekuya ku ndoa bila visa!"

Wakaangua kicheko. Mmoja akachovya kidole, akampaka mwenzake kwenye paji la uso. "Baraka! Mababu bako hapa!" Wakaanza hata wimbo.

Nilicheka nao kwa mdomo. Lakini vumbi lile si udongo. Ni mbegu. Uyoga ukishakula ukashiba, ukajaa chini ya sakafu kama pamba nyeupe, unatoa ua, na ua linamwaga unga huo mwekundu hewani kutafuta nyumba nyingine. Ukiuona mezani, huko chini karamu inaelekea mwisho. Nikafumba macho nikavuta pumzi. Katikati ya harufu ya kuku, pilipili na manukato ya mamans, ikaja ile ya kikapu kilichosahauliwa.

Bisibisi ninatembea nayo hata kwenye misiba. Nikajifanya naokota kitu chini ya meza, nikabonyeza mbao pembeni mwa ukuta. Iliingia hadi kwenye mpini. Ilikuwa kama kuchoma mkate uliolowa chai.

Sasa sikilizeni kwa nini nilitaka kulia. Kwenye ndoa ya kwetu maarusi hawatembei kuingia ukumbini, wanaingizwa kwa ngoma. Ukoo mzima uko nyuma yao, mia na mia, wote wanakanyaga pamoja: kulia, kulia, kushoto, ruka. Sakafu mbovu inaweza kuvumilia watu waliokaa wakila. Inaweza hata kuvumilia kabati la chuma. Kinachoiua ni miguu mingi kuanguka kwa wakati mmoja, tena na tena, kwa mdundo. Hayo ni miongoni mwa maneno machache niliyosikia darasani nikiwa macho, na heri nisingeyasikia. Niliona kama kwa macho yangu Nadine na gauni lake wakienda chini, na watoto wa mbele, na mabibi waliotoka Liège.

Nilimpata Musafiri nje, akijitazama kwenye kioo cha gari.

"Ndugu yangu, sakafu ya sebule imeoza. Chini yake kuko shimo. Tusiingize watu."

Hakugeuka hata. "Shimo ile ya mita thelathini?"

"Saba. Ni saba. Inatosha kuua."

"Ku Matonge kumi na tano, ku simu thelathini, sasa saba. Kesho itakuwa bakuli." Akanyoosha tai. "Bahati, wewe njo ulituambia ulibeba piano peke yako mu ngazi. Wewe njo ulisema radi ilikupiga, ukawasha nayo sigara. Leo hapana. Leo ni mutoto yangu. Usiniletee hadisi."

"Musafiri..."

"Nilisema hapana!"

Magari yalikuwa yanaanza kuingia. Nilisimama kwenye kokoto nikijua kwamba ninasema kweli na kwamba uso wangu ni uso wa mtu aliyezoeleka kuongeza chumvi. Hofu ya aina hiyo sijaikuta juu ya paa lolote.

Nikamkimbilia Shangazi Feza, dada mkubwa wa Musafiri. Alikuwa ameketi chini ya mti akirekebisha kilemba. Mnajua mila yetu: siku ya ndoa shangazi wa bibi arusi ana haki ya kufunga njia. Akikaa mlangoni, ukoo wa bwana arusi unambembeleza, unaimba, unaleta zawadi, na mpaka akubali hakuna anayepita. Hata baba mzazi hana neno mbele yake. Kwa kawaida ni mchezo wa dakika chache. Nilitaka mchezo usiokwisha.

Nilimweleza. Alinisikiliza akinitazama mikono, si mdomo.

"Bahati. Hii ni hadisi yako ya kila siku, ao uko naogopa?"

"Niko naogopa, Shangazi."

"Mikono inatetemeka kweli." Akasimama. "Nipe kiti."

Akawatoa mamans wote sebuleni kama kuku. Akaweka kiti katikati ya mlango mkubwa, akakaa, akafungua miguu, akaweka mwavuli juu ya magoti kama bunduki.

Maarusi walifika kwa kelele za furaha. Nadine alikuwa mzuri, sitaongeza hata tone: alikuwa mzuri. Ukoo wa bwana arusi ukasogea mlangoni ukiimba. Wakaleta kitenge, Shangazi akakikunja akakikalia. Wakaleta kreti ya bia. Akaweka miguu juu yake. Wakaahidi mbuzi.

"Mbuzi mu Brussels? Atakaa wapi, ku balcon?"

Watu wakafa kwa kicheko. Wakaimba tena, akakataa tena. Kicheko kikaanza kupungua. Halafu, kwa kuwa hii ni Ubelgiji na ilikuwa kiangazi, mvua ikanyesha.

Ninyi mnajua nywele za ndoa. Vichwa vilisukwa tangu alfajiri, na viatu vile si vya kukanyagia majani. Umati ukasukumana kuelekea mlango.

"Shangazi, utatuuwa na baridi!" mjomba wa bwana arusi alipiga kelele.

"Baridi haiue mbio," akajibu, hakusogea.

"Huyu maman ni muchawi!"

"Muchawi amekaa. Pita juu yake kama uko mwanaume."

Nilikuwa nyuma yake, ndani, mgongo umebanwa ukutani, kwa maana shimo liko katikati, na karibu na ukuta chini kuna udongo. Ndipo nikasikia dirisha refu la upande wa bustani likifunguka. Musafiri alikuwa ameingia kwa dirisha, amelowa, uso umevimba kwa aibu.

"Toka, ndugu yangu," nikasema polepole. "Toka ulikopitia."

Alinipa mgongo. Aliwaambia wageni waliojaa madirishani: "Bahati anasema sakafu imeoza! Muniangalie!" Akatembea hadi katikati ya sebule. Akakanyaga mara moja, kwa nguvu. Kimya. Akakanyaga tena. Vikombe vikalia mezani, basi.

"Munaona?" akapaza sauti, na nje watu wakashangilia. Akafungua mikono, akacheka, akaruka kama anavyoruka siku zote wimbo ukimpendeza.

Mbao nzima ikivunjika inalia, inapiga kelele hata mtaa wa tatu. Mbao iliyoliwa haisemi kitu. Inatoa pumzi tu, kama mzee anayekaa kwenye sofa. Nilisikia pumzi ile, na Musafiri akawa mfupi. Alizama hadi kifuani, akashikwa na makwapa yake mawili. Kiatu chake kilimtoka. Tulisubiri kukisikia. Tukasubiri. Halafu, mbali chini, maji yakasema *plup*.

"Miguu haigusi kitu," alisema. Kwa sauti ndogo sana, kama anatuarifu tu.

Wanaume wote wakataka kuingia mbio. Hapo ndipo Shangazi Feza aliposimama kwa mara ya kwanza, akatanua mikono mlangoni, na sauti iliyomtoka sijawahi kuisikia kanisani wala vitani.

"Mutu asiingie! Ata mumoja! Ni kaka yangu njo iko pale, na mi siingii!"

Wakasimama.

Kumbukeni hili, huenda siku moja mkalihitaji. Sakafu ikifunguka, usisimame juu yake, lala. Mguu ni msumari, tumbo ni ubao. Nilifungua miguu ya meza ya karibu, nikamwaga kuku wote, Mungu anisamehe, nikasukuma ubao wa meza mbele yangu ukilalia boriti nyingi kwa pamoja. Nikatambaa juu yake kwa tumbo. Nikasukuma wa pili, nikatambaa. Mbao zilishuka na kupanda chini yangu kama kifua cha mgonjwa. Kupitia ufa niliona ile pamba nyeupe, imejaa, imening'inia, na nyuma yake giza.

Usimvute mtu kwa mikono, makwapa ndiyo yanayomshikilia. Mamans walinirushia vitenge vilivyosokotwa na kufungwa fundo kwa fundo. Nilipitisha kimoja kifuani mwake, taratibu, nikiomba kila mtakatifu, na wengine niliwabuni. Ncha ya kitenge ikatoka dirishani, mamans wakaishika wakiwa nje, miguu kwenye udongo. Mmoja akaanzisha wimbo wa kuvutia.

"Musiimbe!" nikapiga kelele. "Mukiimba mutavuta na mudundo! Vuteni kimya!"

Vijana, mmewahi kusikia mamans wa Kivu zaidi ya thelathini wakiwa kimya? Hicho ndicho kitu cha kutisha kuliko vyote nilivyowahi kusikia. Mvua tu, na vitenge vikilia kwa kukazwa. Musafiri akatoka kidogo. Kifua. Tumbo. Kipande cha sakafu kikakatika nyuma yake, kikaenda. Kiuno. Goti. Nilimshika kola, nikalala naye kwenye ubao wa meza kama samaki wawili, na kitenge kikatuburuta sote hadi dirishani.

Nadine alimpokea baba yake kwenye majani, gauni lote matope. Hakulia. Alimpiga ngumi kifuani, moja, halafu akamkumbatia asimwachie. Musafiri alitetemeka kiasi kwamba shela ya binti yake ilitikisika juu ya kichwa.

Shangazi Feza alifunga mlango, akatia ufunguo ndani ya kilemba, akawageukia watu.

"Njia nimefungua," akasema. "Mucheze. Lakini ku majani."

Wakacheza kwenye majani, mvuani, kulia, kulia, kushoto, ruka, na dunia ikawabeba bila kulalamika. Mimi nilikaa garini. Kila waliporuka, moyo wangu uliruka nao na kuchelewa kushuka.

Nyumba ile sasa imezungushiwa uzio. Nasikia waliofungua sakafu walikuta boriti moja tu ikibeba sebule nzima, mojawapo ya zile tulizoziweka Jef na mimi, lakini watu husema mambo mengi, na kwa jambo hilo mimi si shahidi wa kuaminika. Wameng'oa baraza. Kama mtapata kazi pale, na mnaweza kuipata, ingieni kwa pua.

Musafiri hunitembelea Jumapili, kwangu Saint-Josse, ghorofa ya nne, jengo la zege ambalo hata tembo asingelitikisa. Hatuizungumzii siku ile. Ila akifika husimama kizingitini, koti bado mwilini.

"Bahati, chini kuko nani?"

"Kuko Madame wa Kireno. Anapika samaki."

"Na chini yake?"

"Ule muzee wa Kituruki na televisheni yake."

"Na chini kabisa?"

"Duka la mikate."

Hapo ndipo anapoingia, akipita pembeni mwa ukuta, na kukaa kwenye kiti ambacho nimekwisha kukiweka kwenye kona. Mimi changu kiko kona ya pili. Katikati ya sebule tunaweka maua tu.